Pembetatu za viraka: njia nne za kuzishona, na jinsi ya kuchagua yako

Chukua mraba, ugawe kona kwa kona, nusu moja kitenge cheusi na nusu ya pili cha njano. Kiraka hicho kimoja, kikigeuzwa huku na huku, ndicho kinachozaa nyota, mishale, mawimbi na tiara kwenye mfarishi wa viraka, yaani blanketi la vipande vilivyounganishwa. Hapa nitakiita nusu-nusu, ili tusirudie maneno mengi kila mara.

Kazi yenyewe inaonekana ndogo mpaka uzishone ishirini, uzipange sakafuni, ukute kila moja ina kipimo chake. Tuseme kila kiraka kimepungua moja ya kumi na sita ya inchi, kitu ambacho jicho halikioni. Mstari wa viraka 12 utakuwa umepungua robo tatu ya inchi, na hapo ndipo nyota zinapoanza kukatwa ncha. Kwa hiyo swali la njia ipi ya kutumia si la urembo. Na wanaoshona wana misimamo: aliyezoea njia moja atakuapia kwamba nyingine zinakula kitambaa.

Hilo la kitambaa tulimalize mapema, maana ndilo linalowatisha wengi wanapotoka sokoni Makoroboi, hapa Mwanza, na yadi walizobana fedha kuzinunua. Chukua blanketi la inchi 48 kwa 64, lililojaa nusu-nusu za inchi 4 zikishashonwa. Zinahitajika 192. Ukitumia miraba midogo, ya inchi 5 (njia ya pili tutakayoiona), au ya wastani, ya inchi 7 (ya tatu), au mikubwa, ya inchi 10 (ya nne), kwa kitenge chenye upana wa inchi 44 kila moja ya rangi mbili inakula kati ya inchi 56 na 60 za urefu. Yadi mbili za kila rangi zinatosha na chenji inabaki. Tofauti za njia hizi ziko kwingine.

Vitu vya kuangalia kabla ya kuchagua

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni ukingo. Kitambaa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na za mshindio zinazokatiza. Ukikivuta kufuata nyuzi hizo, hakiendi. Ukikivuta mshazari, kona kwa kona, nyuzi zinafunguka na kitambaa kinarefuka. Kila nusu-nusu ina mshazari mahali fulani, haukwepeki. Swali ni kama mshazari huo umefichwa ndani ya mshono au umeachwa nje, unapoguswa na mkono, pasi na upepo.

Cha pili ni mchanganyiko. Unataka rangi mbili tu, au kila kiraka kiwe na sura yake?

Cha tatu ni vifaa. Wenye kisu cha gurudumu, ubao wake na rula pana ya plastiki wanakata tabaka nne kwa mkono mmoja. Wengi wetu tuna mkasi, chaki na futi ya fundi, na njia nyingine zinaudhi sana ukiwa na mkasi.

Cha nne ni muda: mara ngapi unakaa kwenye cherehani, mara ngapi unasimama kukata, mara ngapi unapiga pasi.

Maandalizi yasiyobagua njia

Fua kitambaa kwanza. Vitenge vipya vina ugumu wa kiwandani unaotoka kwenye maji, na vingine hunywea. Halafu hakikisha ni pamba. Tunaishi katikati ya mashamba ya pamba, lakini si kila kitenge kinachouzwa mjini ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: wa pamba unanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, wa plastiki unayeyuka na kuacha kijiwe kigumu. Wa plastiki utakukimbia chini ya pasi, usiuchanganye na pamba kwenye kiraka kimoja.

Kikishakauka, kipe wanga. Wanga wa muhogo unatosha: koroga kiasi kidogo kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka yawe kama maji ya wali, chuja, nyunyiza, piga pasi. Kitambaa chenye wanga kinakaa kama karatasi na mshazari wake unatulia. Kazi ikiisha, fua wanga wote utoke, mende wanaupenda.

Sasa robo inchi. Mishono yote ya viraka hukaa robo inchi kutoka ukingoni, lakini robo hiyo iwe pungufu kidogo, kama unene wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono kinakula nafasi. Shusha sindano juu ya rula, pima, kisha bandika ukanda wa gundi ya karatasi kwenye bati la cherehani mahali robo ilipoishia. Kwa cherehani ya kukanyaga inayoshona mshono mnyoofu tu, una bahati: tundu lake la sindano ni dogo, halimezi kona za kitambaa kama zile zenye tundu pana la zigizagi.

Njia ya kwanza: kata pembetatu, kisha uziunganishe

Unakata mraba, unaugawa kona kwa kona, unapata pembetatu mbili. Unachukua moja ya rangi hii na moja ya rangi ile, unazishona kwenye upande ule mrefu. Ndiyo njia anayoifikiria mtu yeyote mwenyewe bila kufundishwa.

Ukingo: hapa ndipo penye shida. Upande mrefu ni mshazari mtupu, na unaushika kabla mshono haujaufunga. Ukiuvuta kidogo tu ili ulingane na mwenzake, umeshaharibu. Na kama unakatia barazani, saa za mchana upepo wa ziwa ukianza, rundo la pembetatu zilizokatwa halikai mezani. Weka kitu kizito juu yake na usizipange mpaka uko tayari kushona. Faida ni kwamba ukingo wa nje wa kiraka unabaki kwenye nyuzi zilizonyooka, kwa hiyo kiraka kikishamaliza salama kinatulia.

Mchanganyiko: hakuna njia inayoishinda. Kila pembetatu inaweza kuoana na nyingine yoyote. Mabaki unayopewa na fundi wa nguo, shati la pamba lililochakaa kola kutoka soko la mitumba la Mlango Mmoja, ncha ya kanga ya bibi, vyote vinaingia. Na kama kitenge kina picha zenye kichwa na miguu, kwa mfano kuku au ndege, ni hapa tu unapoamua kila kuku aangalie wapi.

Vifaa na muda: mkasi unatosha. Kushona ni polepole, pini tatu kila mshono, na kona nyembamba ya mwanzo hupenda kumezwa na cherehani. Anza kila mara kwa kushona kitambaa chakavu, kisha uingize pembetatu nyuma yake bila kukata uzi.

Inamfaa mwenye mabaki madogo, mwenye mkono mtulivu, na anayetaka kutawala kila picha.

Njia ya pili: miraba miwili, viraka viwili

Weka miraba miwili uso kwa uso. Chora mstari kona kwa kona nyuma ya ule wa rangi nyepesi. Shona robo inchi upande huu wa mstari, geuza, shona robo inchi upande wa pili. Kata juu ya mstari. Fungua: nusu-nusu mbili.

Ukingo: mshazari haupati nafasi ya kuvutwa, kwa sababu unashonwa kitambaa kikiwa bado mraba mzima. Unapokata, mshono umeshaushika. Ukingo wa nje uko kwenye nyuzi zilizonyooka. Kwa usahihi peke yake hii ni njia tulivu, na kosa likitokea umepoteza viraka viwili tu.

Usahihi wake unategemea mstari kuliko kitu kingine, na ndipo chaki ya fundi inapowaangusha watu. Chaki butu inachora mstari mnene kama kijiti cha kiberiti. Ukishona robo kutoka ukingo wake wa kushoto na robo kutoka ukingo wake wa kulia, ukikata katikati, kila kiraka kimepewa zaidi ya robo. Nola chaki kwa kisu mpaka iwe na makali, au tumia penseli kwenye rangi nyepesi na kipande chembamba cha sabuni kwenye rangi nzito. Na usivute penseli kwa nguvu: kitambaa kinasukumwa mbele ya ncha, na mstari unaokwenda mshazari unapinda. Tandika msasa mlaini chini yake kitatulia.

Mchanganyiko: mzuri. Kila jozi inatoa viraka viwili vinavyofanana, kwa hiyo jozi 96 zinaweza kuwa na sura 96. Picha zenye mwelekeo zitakusumbua: katika viraka viwili vya jozi moja, kuku mmoja atasimama na mwingine atapinduka.

Vifaa na muda: mkasi unafaa kabisa. Kuchora ndiko kunakochosha. Lakini kushona kunakwenda mfululizo, jozi baada ya jozi bila kukata uzi, kisha unarudi na upande wa pili.

Inamfaa anayeanza, mwenye mkasi tu, na anayetaka rangi nyingi bila kuhangaika na mshazari.

Njia ya tatu: shona pande zote, viraka vinne

Miraba miwili uso kwa uso, hakuna mstari wa kuchora. Unashona robo inchi kutoka ukingoni, pande zote nne kama mto uliofungwa. Kisha unakata kona kwa kona mara mbili, unapata nusu-nusu nne.

Ukingo: hapa mambo yamegeuka. Mshono ndio uliokaa kwenye nyuzi zilizonyooka, na kingo zote nne za nje ni mshazari. Kiraka kinatoka chini ya sindano kikiwa kizuri, kisha kinaharibikia kwenye pasi. Ukiburuta pasi badala ya kuibonyeza, mraba unakuwa kama kishada. Na wakati wa kuunganisha viraka, meno ya cherehani yanakivuta cha chini. Wanga si hiari kwa njia hii.

Mchanganyiko: wastani, vinne vinavyofanana kwa kila jozi.

Vifaa na muda: ndiyo ya haraka kuliko zote kwenye cherehani, na haihitaji chaki. Mkasi unaweza, ingawa lazima uchore mistari ya kukatia au ukunje na kupiga pasi alama. Ukikata kwa macho utajuta.

Inamfaa anayeshona kitu kidogo kitakachotulizwa haraka, kama foronya ya mto wa kochi, mkoba, au kitambaa cha meza chenye bitana. Wapo wanaoshona mfarishi mzima hivi na unatoka umenyooka. Ni watu wa wanga mwingi na subira, na mimi siwapingi, ila siwaigi.

Njia ya nne: mraba mkubwa, viraka nane

Miraba miwili mikubwa uso kwa uso. Chora mistari miwili ya kona kwa kona, iwe kama herufi X. Shona robo inchi pande zote mbili za kila mstari, jumla mishono minne. Sasa kata katikati kwa wima na kwa ulalo, bila kusogeza vipande, ndipo ukate juu ya ile X. Nusu-nusu nane zinabaki mezani.

Ukingo: sawa na njia ya pili. Mshazari umefungwa kabla ya kukatwa, nje kuna nyuzi zilizonyooka.

Usahihi wake una sharti moja: mraba uwe mraba kweli. Mraba wa inchi 10 una inchi 14 na moja ya nane kutoka kona hadi kona. Pima mistari yote miwili ya X. Namba zikitofautiana, kitambaa kimekaa upande, na makosa yote nane yatakuwa tofauti, kila kiraka na ulemavu wake. Pia kadiri mshono unavyokuwa mrefu ndivyo tabaka la juu linavyosukumwa mbele. Piga pasi tabaka zote mbili pamoja kabla ya kushona, zitagandamana, kisha ongeza pini.

Mchanganyiko: mdogo. Nane zinazofanana, na picha zenye mwelekeo zitaangalia kila upande. Vitenge vyenye maua makubwa, kwa upande mwingine, hupendeza sana hapa, kwa sababu kila kipande kinaangukia sehemu tofauti ya ua.

Vifaa na muda: blanketi letu la viraka 192 linataka jozi 24 tu badala ya 96. Lakini kukata tabaka katikati bila kusogeza vipande ni kazi ya kisu cha gurudumu. Kwa mkasi, chora mistari yote minne kabla ya kushona, X na ile ya katikati, ufuate chaki. Inawezekana, ila kasi unayoisifia njia hii inapungua.

Inamfaa mwenye rangi mbili au tatu, viraka vingi, na vifaa vya kukatia.

Wapo wanaochora miraba hii kwenye karatasi, wakaibana juu ya vitambaa na kushona juu ya mistari, kisha wakachana karatasi. Ni sahihi sana ukifupisha mshono mpaka karibu milimita moja na nusu ili karatasi ichanike bila kufumua uzi. Ukitoa nakala dukani, weka rula juu yake kwanza: mashine nyingine hubadili ukubwa wa mchoro kidogo bila kukuambia.

Vipimo vya kukata

Ni upande wa mraba unaoanza nao, kwa inchi. Vyote vimeachiwa nafasi ya kupunguza baadaye, isipokuwa vya njia ya kwanza ambavyo ni kamili.

| Kiraka kikishashonwa | Njia ya 1 | Njia ya 2 | Njia ya 3 | Njia ya 4 |
|---|---|---|---|---|
| inchi 3 | 3⅞ | 4 | 5¾ | 8 |
| inchi 4 | 4⅞ | 5 | 7 | 10 |
| inchi 6 | 6⅞ | 7 | 10 | 14 |

Ile saba ya nane ya njia ya kwanza inatoka hivi: nusu inchi ni ya mishono miwili ya nje, na inayobaki ni robo inchi ya mshono wa kati ikipimwa kwa mshazari, ambayo inazidi kidogo theluthi moja. Jumla ni 0.854, watu wanaikuza kuwa saba ya nane. Ukiiamini sana inchi 4 na nusu na kukata bila nyongeza, utashona wiki nzima na kuishia na viraka vidogo.

Kupunguza ndiko kunakookoa

Njia yoyote uliyochagua, viraka vitakavyobaki inchi 4 vikishashonwa vinapunguzwa kuwa 4½ kamili kabla ya kuunganishwa. Piga pasi mshono ukiwa umefungwa kwanza, ndipo ufungue na kuulaza upande wa rangi nzito. Bonyeza, inua, bonyeza. Mwenye pasi ya mkaa aweke kitambaa safi juu ya kazi, jivu moja kwenye rangi nyeupe halisameheki.

Huna rula ya mafundi wa viraka? Kata mraba wa inchi 4½ kutoka kwenye plastiki inayopitisha mwanga, jalada gumu la faili au karatasi ya eksirei ya zamani, uuchore mstari kona kwa kona kwa kalamu isiyofutika. Laza mstari huo juu ya mshono, sio juu ya ukingo, na ufuatishe penseli pande zote nne. Kinachochomoza nje kinakatwa, pamoja na vile vipembe viwili vidogo kwenye ncha za mshono. Mpwa wangu aliponiuliza, "Shangazi, mbona unatupa kitambaa kizuri?" nilimpa viraka viwili avishone, kimoja kimepunguzwa na kingine hakijapunguzwa. Hakuuliza tena, ingawa vile vipande anaviokota na kujazia mito ya sindano.

Kwa hali yako

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, na una mkasi na cherehani ya kukanyaga, anza na miraba miwili. Shona nne, pima, rekebisha ukanda wa gundi kwenye bati, ndipo ukate kitambaa chote.

Kama umepewa mfuko wa mabaki na fundi, hakuna kipande kinachofika inchi 7, usijilazimishe na miraba mikubwa. Pembetatu kwanza, wanga mzito, pini nyingi, mlango ufungwe upepo usiingie.

Kama ni oda ya watu, mifarishi mitatu ya rangi mbili na tarehe imeshatajwa, na una kisu cha gurudumu, njia ya nne, ile ya viraka nane, inalipa. Kata jozi zote siku umeme ukiwepo kwa ajili ya pasi, kushona kutaendelea hata ukikatika kama unakanyaga kwa mguu.

Kama ni mito miwili ya kochi na unaitaka kabla ya wageni wa Jumapili, shona pande zote nne. Ibandike kwenye bitana mapema, mshazari usipate muda wa kurefuka.

Na kama uko Nansio, kisiwani Ukerewe, au kisiwa kingine, na kitambaa kikiharibika ni mpaka uvuke tena kuja mjini, chagua njia ambayo kosa moja linakula kidogo. Hapo naona jozi ndogo ni bora hata kama una kisu na ubao, na nunua nusu yadi ya ziada ya rangi ile inayokwisha sokoni, maana kitenge cha mchoro uleule mwezi ujao kinaweza kisiwepo.